Hitilafu hairipotiwi kwa picha ya WhatsApp

Wandugu, leo nasema bila kuzunguka. Huku kwetu Manga, na sidhani ni huku tu, programu ikigoma mtu hutoa simu, hupiga picha ya skrini na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp: "Sistimu imekataa." Basi. Mmoja anajibu kwa kidole gumba, mazungumzo yanahamia bonasi ya majani chai, na hitilafu inazikwa hapo.

Nazungumzia OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa. Ilianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, na Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret. KenyaEMR, inayotumiwa na vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake. Kwa hiyo si kitu cha wazungu tulichoazimwa. Ni chetu pia.

Mradi huu una daftari la hitilafu lililo wazi kwa wote. Kila ripoti hupewa namba. Huchunguzwa kwanza, ikithibitishwa hutangazwa iko tayari, kisha mtu mmoja huichukua ili wawili wasihangaikie kazi moja. Kiraka kikitumwa hubeba namba ileile, na mwingine hukikagua kabla hakijaingia. Miaka mitano baadaye ukiuliza kwa nini mstari fulani ulibadilishwa, unafuata namba.

Picha yako haionyeshi toleo la programu, wala ulichobofya kabla, wala ulichotarajia kuona. Inachoonyesha ni jina la mgonjwa. Tena wa kliniki ya VVU, mbele ya kundi zima! Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019, lakini hata isingekuwepo, je, angekuwa mama yako?

Mafundi ndio wananiudhi zaidi. Fundi anafika kituoni kwa bodaboda, anakuta ripoti ya mwezi inahesabu vibaya, anarekebisha msimbo palepale kwenye seva, anasifiwa, anaondoka. Kiraka hakutuma popote. Toleo jipya likija linakifuta, hesabu inaharibika upya, naye ameshapata kazi Nairobi. Kituo cha jirani, chenye tatizo lilelile, hakikuwahi kujua kwamba dawa ipo.

Visingizio navijua. "Kiingereza changu kibovu." Kiandike kibovu hivyohivyo: toleo, hatua ulizofuata, kilichotokea, na mgonjwa wa kubuni. Msanidi hatafuti insha, anatafuta namna ya kulirudia kosa kwenye mashine yake. "Nilituma, sikujibiwa." Hilo nalikubali. Watunzaji wa mradi wowote wa kujitolea hukawia, na kimya cha miezi hufukuza watu wazuri. Lakini ripoti iliyokawia ina namba, na unaweza kuirudisha mezani hata mwakani. Ile picha ya mwezi uliopita, hebu itafute sasa kwenye kundi.