Waraka wa Wazi kwa Katibu wa Elimu ya Msingi: Fungueni Makabati

Kwa Katibu wa Wizara,
Idara ya Elimu ya Msingi,
Jogoo House, Nairobi.

Mheshimiwa Katibu,

Tunakuandikia kutoka Meru na Embu kuhusu mtoto wa Gredi ya 4 aliyeanza shule kwa Kimeru au Kiembu, na sasa anakuta hesabu na sayansi zote ni kwa Kiingereza. Sera ya lugha ya mama katika madarasa ya mwanzo, iliyopendekezwa na ripoti ya Gachathi mwaka 1976, hatuipingi. Twauliza tu: siku ya kuvuka kuingia Kiingereza, nani anamshika mkono?

Wengi hukwama, na si kwa uvivu. Kiswahili husomeka kilivyoandikwa. Kiingereza kinamtaka mtoto akubali kwamba “though” na “cough” hazifanani hata kidogo mdomoni. Mtoto wa Mutuati au Siakago asiyesikia lugha hiyo nyumbani hana wa kumsahihisha jioni. Akiwa na disleksia juu ya hayo, herufi zikikataa kugeuka sauti kichwani mwake, ataitwa mjinga, na jina hilo humganda.

Msaada mmoja mnao tayari. Kuanzia mwaka 2016 serikali iligawa vishikwambi zaidi ya milioni moja kwa wanafunzi wa Darasa la Kwanza katika shule za umma. Katika shule nyingi vimefungiwa kabatini. Vingine betri zimekufa, vingine mwalimu mkuu anahofia vikiibwa ataulizwa yeye. Hata kilichochakaa, mradi kinawaka, kinaweza kumsomea mtoto ukurasa, akaurudia mara kumi bila darasa kumcheka. Tunaomba utangaze ni vingapi vinavyofanya kazi katika kaunti zetu mbili, na utoe waraka unaowaruhusu walimu kuwapa vishikwambi hivyo watoto wa gredi za juu wanaotatizika kusoma.

Kishikwambi kitasoma nini, hata hivyo? Hapa ndipo tunapokuomba zaidi. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, masomo ya taasisi ya mitaala, KICD, yalisikika redioni. Basi watangazaji na ujuzi wa kurekodi vipo. Virekodiwe vitabu vya Kiingereza vya Gredi ya 4 hadi ya 6 kwa sauti ya mwalimu Mkenya, asome polepole, na maneno magumu yaelezwe kwa lugha ya mtoto. Viwekwe kwenye kadi ya kumbukumbu, kwa maana intaneti ya Mbeere tunaijua. Na tafadhali, msirekodi maelezo hayo kwa Kiimenti peke yake mkasema mmemaliza Meru. Igembe na Tigania watawauliza, na Wambeere nao hawatakubali kusemewa na Waembu. Je, kazi hii imo katika mipango yenu?

Mtoto asiyeona katika Shule ya St. Lucy, Igoji, hupewa breli, na hakuna anayesema anapendelewa. Mwenye disleksia tatizo lake halionekani, kwa hiyo hapelekwi popote. Vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vipo nchini tangu 1984, lakini wazazi wengi hudhani ni vya wasioona na wasiosikia tu. Tunaomba wapimaji wazitembelee shule, wasingoje kuletewa. Tunaomba pia uzungumze na Baraza la Mitihani, ambalo huandaa karatasi za breli na za maandishi makubwa: aliyethibitishwa kuwa na disleksia asomewe maswali ya sayansi, kwa kuwa huko hapimwi kusoma.

Kifungu cha 7(3)(b) cha Katiba kinaliagiza Taifa kuendeleza lugha za kiasili, breli na teknolojia za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu, yote katika sentensi moja. Hatuombi hisani, Mheshimiwa.

Jibu lako tutalichapa kwenye ukurasa huu, bila kukata neno. Tungeshukuru likitufikia kabla ya muhula ujao kufunguliwa, walimu wakuu wapate kujua kama wafungue makabati.

Wako kwa heshima,
Wahariri