Usiniambie Nani Amesema, Niambie Amejuaje

Kuna maneno mawili ambayo yakitajwa tu, Mkenya anafunga akili kama duka la Jumapili: "utafiti unaonyesha." Muuza mitishamba anayapaza ndani ya matatu ya Thika, chupa mkononi. Mhubiri anayo. Mtangazaji wa redio ya asubuhi anayo. Mwanasiasa akibanwa na wanahabari anayachomoa kama kitambulisho. Na sisi tunatikisa kichwa, eti sasa imethibitishwa. Utafiti upi? Kwa watu wangapi? Ukiuliza hivyo hapa Landless unaitwa mjuaji. Na kama uliacha chuo kama mimi, unaulizwa wewe ni nani hata ubishane na profesa.

Basi nitabishana, kwa sababu swali lenyewe limekaa vibaya. Tumefunzwa kuuliza nani amesema. Hatukufunzwa kuuliza amejuaje.

Mimi hula kwa kuandika makala za kulipwa. Maagizo huja yakifanana: vyanzo visipungue kumi, vyote viwe vya majarida ya kitaaluma, visizidi miaka mitano. Sijawahi kupokea agizo linalosema visome kwanza. Chuoni ilikuwa vivyo hivyo. Tulikatwa alama kwa kuweka nukta mahali pa koma kwenye orodha ya marejeleo, lakini sikumbuki mhadhiri akituuliza wale watu waliofanyiwa utafiti walichaguliwaje. Tukahitimu, au tukaacha njiani, tukiwa mafundi wa kupanga majina ya watu ambao hatujui walifanya nini.

Matunda ya elimu hiyo tumeyaona. Julai 1990 Rais Moi alitangazia taifa kwamba wanasayansi wetu wamepata dawa ya UKIMWI, KEMRON. Hebu pima uzito wa chanzo hicho. Rais wa nchi. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kimatibabu. Dkt. Davy Koech, mkurugenzi wake, pamoja na Profesa Arthur Obel. Na ripoti zao zilichapishwa katika majarida ya kitaaluma mwaka huo huo. Kwa kipimo cha mhadhiri wangu hiyo ni alama zote. Wagonjwa walisafiri kutoka ng'ambo kuja kuitafuta Nairobi.

Sasa fungua ripoti yenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya wagonjwa 40. Wote walipewa dawa, kiasi kidogo sana cha interferoni cha kuyeyushia mdomoni. Wakasema wanapata hamu ya kula, wanapata nguvu, na wengine wakaripotiwa kwamba vipimo vyao vya virusi vimegeuka kuwa hasi. Inafurahisha. Lakini walilinganishwa na nani? Na hakuna mtu. Hapakuwa na wagonjwa 40 wengine wa hali ile ile ambao hawakupewa dawa hiyo. Na mtu aliye kwenye utafiti anatazamwa na daktari kila mara, homa yake inatibiwa, kikohozi chake kinatibiwa, ana matumaini. Anaweza kunenepa hata ukimpa peremende. Bila kundi la pili huwezi kujua kilichomnenepesha ni nini.

Kujua hilo hakuhitaji digrii. Mkulima anayejaribu mbolea mpya huacha mistari miwili bila mbolea, aone tofauti.

Waliotilia shaka KEMRON waliambiwa kwamba wanamdharau Mwafrika. Sitalipuuza dai hilo. Dharau ipo, ina historia ndefu, na ugonjwa huu umetumiwa sana kutusengenya. Lakini jibu zito halikutoka Ulaya. Lilitoka Kampala. Daktari Elly Katabira na wenzake waliwagawa wagonjwa mamia kwa bahati nasibu, wengine wakapewa interferoni ile ya kipimo kidogo, wengine kidonge kisicho na dawa, na hakuna aliyejua anameza kipi, wala daktari aliyewapima. Matokeo yalichapishwa 1998: haikusaidia. Waafrika waliwauliza Waafrika wenzao swali lile lile, amejuaje, kisha wakafanya kazi ya kulijibu. Kama unatafuta uzalendo, mimi nauona hapo.

Sisi hapa tulikuwa tumeshasahau mapema. Mwaka wa 1996 ikaja Pearl Omega, ya Profesa Obel huyo huyo, na wagonjwa wakatoa pesa tena. Jina lilikuwa lile lile, cheo kile kile, na swali likabaki halijaulizwa.

Msikie vizuri lakini. Simwambii mtu asiamini utafiti. Hao wanaosema "watafiti wote wameshikwa" ni wavivu wale wale, wamegeuza tu upande wa kulalia. Anayeamini kila kitu na anayekataa kila kitu, wote wawili hawajafungua karatasi. Mama mmoja jirani yangu aliacha dawa za presha wiki tatu kwa sababu ya klipu ya kijana aliyesema madaktari wamenunuliwa. Hakumwuliza kijana anauza nini. Alikuwa anauza unga wa majani.

Chukua utafiti uliofanywa vizuri, tena nyumbani. Kisumu, vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, wote wakiwa hawajatahiriwa na hawana virusi. Walikubali bahati nasibu iamue: nusu watahiriwe sasa, nusu wangoje. Desemba 2006 ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu jibu lilikuwa limeshaonekana. Kwenye kundi lililongoja, 47 walikuwa wameambukizwa. Kwenye kundi lililotahiriwa, 22. Huo ni ushahidi wa kuaminika. Unaona kundi la pili, unaona namba, unaona namna ya kugawa ambayo haikumpendelea mtu.

Halafu tazama mtaa ulivyoupokea. Utasikia kijana akisema ukitahiriwa huambukizwi, hata kondomu ya nini. Rudi kwenye namba. Wale 22 walikuwa wametahiriwa. Hatari ilipungua kama nusu, haikuisha. Tofauti ya "inapunguza" na "inazuia" ni maisha ya mtu, na imeandikwa palepale, ukisoma. Hesabu yake ni ya darasa la sita.

Najua mtaniambia karatasi hizi ni za Kiingereza kigumu na nyingi zimefungiwa nyuma ya malipo ya dola. Ni kweli, na hapo lawama iwaendee wenyewe. Watu wa Kisumu, Kilifi na Majengo wametoa damu yao kwa miaka na miaka. Wanadaiwa jibu kwa lugha wanayoielewa: mlikuwa wangapi, tuliwalinganisha na nani, tumepata nini, bado hatujui nini. Ukurasa mmoja wa Kiswahili. Kama mtafiti anaweza kuandika fomu ya ridhaa kwa Kiswahili ili aruhusiwe kudunga sindano, anaweza kuandika na matokeo.

Mhariri naye, kabla ya kuchapa "utafiti unaonyesha", aweke mistari mitatu chini ya kichwa: watu wangapi, walilinganishwa na nani, nani alilipa. Ikimshinda kuijaza, habari hiyo haijaiva. Na mhadhiri aache kuhesabu vyanzo. Ampe mwanafunzi kimoja tu, amwambie akitoboe mpaka aone kinavujia wapi.

Kuhusu ile sheria ya miaka mitano: kwa sheria hiyo, hakuna utafiti hata mmoja niliotaja hapa ungekubaliwa. Wa Kampala ungetupwa, wa Kisumu ungetupwa. Wa kijana wa unga wa majani ungepita, maana ameutoa juzi.

Kwa hivyo msee akiwasha spika kwenye matatu na kusema utafiti umeonyesha, usimwulize amesomea wapi. Mwulize ulikuwa wa watu wangapi, na wale ambao hawakunywa walikuwaje. Akikutajia jina la profesa badala ya kujibu, mrudishie chupa yake.