Kabla ya Sindano, Tuulize

Wamama wa Bungulu, kwetu mbuzi ni feza za masomo ya watoto. Akigonjwa, tunamwita yeyote mwenye sindano, bila kumuuliza alisomea wapi. Sindano mbaya ikimuua mbuzi, mtoto anabaki nyumbani.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2011 inataka wasaidizi wa madaktari wa mifugo waandikishwe sawa na madaktari. Wana pia chama chao, nao wenyewe ndio wanaokiongoza. Anayetibu ng'ombe zizini ndiye anayesimama kutetea kazi yake mbele ya serikali.

Hapa karibu, Université Catholique du Graben ya Butembo inafundisha udaktari wa mifugo. Binti anayependa kazi hiyo tusimzuie.

Na wiki hii, kabla ya sindano, tuombe kuona karatasi ya masomo. Aliyesoma hatakasirika.