Kongosho la mwanao lina kazi mbili, zijue

Ukitaja neno ‘tezi’, watu wengi hufikiria tezi dume ya baba au uvimbe wa shingoni. Ukweli ni kwamba miili yetu ina tezi nyingi, na zimegawanyika katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni tezi zenye mirija. Hizi hutengeneza majimaji na kuyapitisha kwenye mrija hadi yanapohitajika: mate mdomoni, machozi machoni, jasho kwenye ngozi, maziwa kwenye chuchu. Hata tezi dume imo humu.

Kundi la pili ni tezi zisizo na mirija. Hizi hutengeneza homoni na kuziingiza moja kwa moja kwenye damu, nayo damu huzisambaza mwilini. Mfano ni tezi ya shingo, ambayo ndiyo inayohitaji madini joto tunayoyapata kwenye chumvi.

Makundi haya hushirikiana. Mtoto anaponyonya, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa mama huachia homoni kwenye damu, nayo ikifika kwenye matiti husababisha maziwa kusukumwa nje.

Kongosho, lililo nyuma ya tumbo la chakula, lina kazi zote mbili. Kwa mrija hupeleka kwenye utumbo mwembamba vimeng’enya vya kusaga chakula. Kwa njia ya damu hupeleka insulini, homoni inayowezesha sukari kuingia kwenye seli.

Kwa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza, kinga ya mwili huharibu seli zinazotengeneza insulini. Kazi ya kusaga chakula inaweza kuendelea, hivyo mtoto anakula vizuri lakini anakonda. Hana kosa lolote, wala hakuugua kwa sababu ya kupenda pipi.

Mzazi, angalia dalili hizi: kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kuanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, kukonda na kuchoka. Akianza kutapika, kuumwa tumbo na kuhema kwa nguvu, hiyo ni dharura. Hali hii huweza kudhaniwa kuwa malaria au homa ya mapafu. Mwahishe hospitali na uombe apimwe sukari. Ni tone la damu la kidoleni, na majibu hutoka papo hapo.

Usimpe dawa za kienyeji badala ya insulini. Insulini yenyewe hudungwa kwa sindano kwa kuwa ni protini. Ikimezwa, tumbo huisaga kama chakula kingine.

Kabla ya Januari 1922, ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo. Mwezi huo, huko Toronto, Canada, Leonard Thompson mwenye miaka 14 alichomwa insulini, akaishi miaka 13 zaidi. Leo mtoto anayepata insulini kila siku husoma, hucheza na kukua kama wenzake. Muhimu ni kumgundua mapema.