Inasemekana na Nani?

Kichwa cha makala haya kina kosa la sarufi, nami nimeliacha makusudi. Mswahili hasemi "inasemekana na Juma". Husema "imesemwa na Juma" au, lililo bora zaidi, "Juma amesema". Neno "inasemekana" halimpokei mtenda hata ukimkaribisha. Nakusudia kueleza kwa nini jambo hili dogo la mnyambuliko linapasa kumshughulisha kila mtunzi na kila mwandishi wa Kiswahili, hasa zama hizi ambapo habari nyingi za nje tunazozisoma hutufikia kwa tafsiri kutoka Kiingereza.

Tuanzie huko Kiingereza. Lugha hiyo hupenda kuripoti maneno kwa kauli ya kutendwa inayofuatwa na kishazi cha "that". Husema "It is said that the chief is ill", yaani yasemwa kwamba chifu ni mgonjwa. Neno "it" hapo halimrejelei mtu wala kitu. Limewekwa kushika nafasi ya kiima, kwa sababu sentensi ya Kiingereza haipendi kukaa bila kiima, na kishazi kirefu hupendelewa kisogezwe mwishoni. Iko na sura ya pili: "The chief is said to be ill". Hapo chifu mwenyewe hupandishwa na kufanywa kiima cha maneno ambayo hakuyasema. Viko hata vitenzi vilivyozama humo kabisa. Kitenzi "rumour", chenye maana ya kuvumisha, leo hutumika karibu kila mara katika kauli ya kutendwa: watu huvumishiwa mambo, lakini mvumishaji hatajwi.

George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, aliwausia waandishi waiepuke kauli ya kutendwa kila wanapoweza kutumia ya kutenda. Lakini katika sentensi ya kwanza ya insha hiyo hiyo, anapotaja dhana ya watu kwamba hakuna juhudi inayoweza kuiokoa lugha, anatumia muundo uleule: kitenzi cha kudhani katika kauli ya kutendwa, kisha "that". Sisemi hayo ili kumcheka. Nasema kwa kuwa yanaonyesha kwamba wosia wake haukulenga penyewe. Kauli ya kutendwa haina hatia. Hatia ni kumficha msemaji pale ambapo msomaji ana haki ya kumjua.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa na utajiri wa kujivunia. Pale Kiingereza kinapotumia kauli moja, sisi tunazo mbili. Iko kauli ya kutendwa: imesemwa, imeelezwa, imeripotiwa, inadaiwa. Kauli hii huacha nafasi ya "na": imeelezwa na daktari, inadaiwa na jirani. Msemaji asipotajwa, pengo lake huonekana, na msikilizaji anaweza kuuliza, "Na nani?" Iko pia kauli ya kutendeka: inasemekana, inajulikana, inaaminika, imebainika. Hii humfuta mtenda asionekane hata kivuli. Kila mzazi anaijua tofauti hiyo. Mtoto aliyeangusha kikombe haji kusema "kimevunjwa", maana ataulizwa kimevunjwa na nani. Husema "kimevunjika", na kikombe hubeba lawama yake chenyewe.

Basi mfasiri akutanapo na "it is believed that", hana budi kuamua, wala Kiingereza hakimsaidii kuamua. Akiandika "inaaminiwa na wachunguzi kwamba", ametupa watu wa kuwauliza. Akiandika "inaaminika kwamba", amefanya zaidi ya kuwafuta wachunguzi hao. Kwetu sisi, mtu anayeaminika ni mwaminifu, na habari inayoaminika ni ya kutegemewa. Neno hilo hunong'ona kwamba jambo lenyewe lastahili kusadikiwa. Dhana ya watu wachache imepandishwa daraja bila ushahidi kuongezeka. Vivyo hivyo "imebainika", ambalo siku hizi huandikwa hata pale ambapo hakuna kilichobainika ila mtu mmoja kusema.

Tulitazame na neno "inadaiwa", ambalo limekuwa kinga ya magazeti yetu. Nakubali kwamba mwandishi wa habari za mahakamani analihitaji, kwa kuwa hana ruhusa ya kumtia mtu hatiani kabla ya hakimu. Lakini tazama linavyobadilika linapogeuzwa lifuate ile sura ya pili ya Kiingereza: "Juma anadaiwa kumwibia mwajiri wake." Katika Kiswahili, anayedaiwa ana deni. Mdaiwa ni mtu ambaye fedha za watu ziko kwake. Msomaji aonapo "Juma anadaiwa", sikio lake limekwisha kusikia kwamba kuna kitu cha kulipa, kabla jicho halijafika kwenye wizi. Kama mwandishi angesema "upande wa mashtaka unadai kwamba Juma alimwibia mwajiri wake", deni hilo lingerudi kwa mwenyewe: anayedai ndiye angebaki na wajibu wa kuthibitisha. Maneno yameongezeka manne tu, na jina la mtu limehifadhiwa.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya wanasarufi tu. Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Tuhuma ya namna hiyo haihitaji shahidi. Huhitaji kitenzi kisicho na mwenyewe: "anasemekana kuwa mchawi". Kila anayelirudia hujiona amepokea tu na kupitisha, na kwa hiyo hana alilolitenda. Tunayo hata methali inayoutetea uvumi, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi naiogopa methali hiyo. Yapo yaliyosemwa ambayo hayakuwapo wala hayakuja. Kilichokuja ni watu wenye mapanga. Afadhali ile nyingine inayotuusia kwamba akili za kuambiwa tuzichanganye na zetu.

Mtu ataniambia kwamba kuuliza "na nani?" kila mara ni kuiga uandishi wa Kizungu. Sivyo. Katika vitabu vya dini vya pwani yetu, Hadithi hutangulizwa kwa maneno "imepokewa kutoka kwa", kisha hufuata jina: Abu Huraira, Bibi Aisha, au mwingine. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na mpokezi anatajwa palepale. Nyuma yake kuna mlolongo mzima wa wapokezi ambao wanazuoni waliuchunguza mmoja mmoja. Wataalamu wa elimu hiyo walikwenda mbali zaidi. Walishauri kwamba riwaya imara itangulizwe kwa kitenzi cha kutenda, "qala", yaani amesema, na riwaya dhaifu kwa "ruwiya" au "qila", yaani imepokewa, imesemwa. Kwao, kauli isiyomtaja msemaji ilikuwa onyo kwa msomaji.

Nanyi watunzi, hesabuni mizani. "Inasemekana kwamba" ni mizani nane kamili. "Imeelezwa ya kuwa" nayo ni nane. Yaani mtunzi wa shairi la mizani kumi na sita ametumia kipande kizima na bado hajasema kitu. Nitatoa mfano wangu mwenyewe:

Inasemekana kwamba, mzee kauza shamba.

Mizani imetimia na vina vimekaa, lakini ukwapi ni mtupu. Sasa tumtafute msemaji:

Mwanawe amenijuza, mzee shamba kauza.

Mizani ni ileile na habari ni ileile, ila sasa kuna mtoto aliyetoka nyumbani kwao kuja kutoa siri ya baba yake. Je, amesema kwa uchungu? Kwa tamaa ya urithi? Shairi limepata watu wawili badala ya mmoja, kwa sababu tu tumekataa kumfuta aliyesema.

Iko hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu: kwamba ushairi wetu ni wa mafumbo, na kwamba kusitiri ni adabu, na pengine ni usalama. Ni kweli. Lakini tutofautishe kusitiri maana na kusitiri msemaji. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mafumbo makali katika ugomvi wa Mombasa na Seyyid Said. Maana aliifumba, lakini sauti ilijulikana kuwa ni ya Muyaka. Na desturi ya tenzi nyingi ni mtunzi kujitaja mwishoni, ili mwenye kulaumu ajue pa kwenda. Anayemlinda mtoa habari aliye hatarini naye ana njia: aandike "mfanyakazi mmoja aliyeomba jina lake lisitajwe amesema". Jina limefichwa, lakini mtu yupo.

Sipendekezi tulifukuze "inasemekana". Lina kazi yake: habari za asili ya miji, za majina ya mitaa, za mambo ambayo msemaji wake wa kwanza amekwisha kuzikwa na kusahauliwa. Ombi langu ni kwamba, ndugu msomaji, kabla ya kuliandika, ujaribu kwanza "imesemwa", kisha uongeze "na". Ukiweza kulitaja jina baada ya hapo, huna sababu ya kulifuta. Na kama hulijui, tafuta kwanza, hasa pale ambapo sentensi yako inambebesha mtu mwingine deni.