Msituambie walipuuza

Kila mvua inapoua Arusha, hukumu hutoka kabla maiti hazijazikwa: walitangaziwa, lakini watu wetu wabishi. Anayesema hivyo mara nyingi alikuwa sebuleni kwake, akaona kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku mkoa wake umepakwa rangi ya tahadhari. Kwake yeye kazi iliishia hapo.

Hukumu hiyo ni ya uvivu, na televisheni ndiyo inayotulea nayo.

Tangazo husema mvua kubwa zinatarajiwa katika baadhi ya maeneo ya mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Baadhi yapi? Mkoa wa Arusha peke yake una misitu ya Meru, una nyika za Longido, una Ngorongoro. Kilele cha Meru kiko mita 4,566. Mji uko kwenye mita 1,400 hivi. Mvua ikipiga huko juu, maji hushuka kwa mito ya Naura na Themi, na kwa makorongo ambayo hakuna ramani ya televisheni inayoyataja, yakamkuta mtu wa bondeni ambaye kwake halijadondoka tone. Mtu huyo alichungulia dirishani, akaona nyota, akarudi kwenye tamthilia yake. Mnamwita mbishi kwa lipi?

Kisha kamera huja maji yakishapita. Desemba 2023 tulikesha na picha za Katesh, matope ya Mlima Hanang yalipoua watu 89. Tuliwaona viongozi wote waliokwenda kutoa pole. Hanang ni mlima wa volkano kama Meru, lakini sikumbuki kipindi kilichomweleza anayelima kwenye miteremko yetu ni dalili gani, akiiona juu ya nyumba yake, imtoe ndani usiku huohuo.

Ijumaa ya tarehe 12 Aprili 2024, alfajiri, gari la shule lilisombwa na maji korongoni, eneo la Engosengiu hapa jijini, na watoto wakafa. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilikuwa imeanza kuizungumzia El Niño tangu Agosti ya mwaka uliotangulia. Haya, tuseme kila mzazi alisikia. Shule iko wazi, ada imelipwa, gari liko mlangoni linapiga honi. Mzazi huyo alikuwa na mamlaka gani juu ya barabara?

Wiki tatu baadaye kikaja kimbunga Hidaya. Wapo wanaodai watu walitii kwa sababu televisheni zilikifuatilia saa kwa saa. Mbona Jobo, Aprili 2021, nacho kilitangazwa sana, kikafifia kabla ya kutua, kikabaki mzaha wa vijiweni? Kwa hesabu hiyo Hidaya kisingeogopwa na mtu. Lakini boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa, na amri ile haikumsubiri abiria aamini au acheke.

Basi wahariri watutajie korongo na saa, na watutajie ofisa mwenye jukumu la kufunga njia na shule. Na maji yakishapita, mwandishi asimwekee mjane kipaza sauti kumuuliza kwa nini hakuhama. Amtafute mwenye mamlaka ya kukifunga kivuko cha korongoni, amuulize kwa nini saa kumi na mbili asubuhi magari yalikuwa bado yanapita.