Michezo ya shule na ujirani ambao Mombasa haijaujua

Agosti 2024, Michezo ya Shule za Afrika Mashariki ilifanyika Bukedea na Mbale, mashariki mwa Uganda. Karibu na Mbale ndiko waliko Abayudaya, Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi tangu 1919, walipoongozwa na Semei Kakungulu. Shule zao husomesha Wayahudi, Waislamu na Wakristo pamoja.

Kwa kijana wa Mji wa Kale, Mombasa, safari kama hiyo ina uzito wa pekee. Tangu shambulio la Novemba 28, 2002 kwenye hoteli ya Paradise, Kikambala, lililoua Wakenya 10 na Waisraeli watatu, Myahudi amekuwa mtu wa kusikika katika habari za vita, si mtu wa kupigiwa pasi.

Kikwazo ni njia. Timu hufika michezoni kwa kushinda kaunti, kanda, kisha taifa. Shule za vichochoroni zisizo na viwanja hutolewa mapema. Lakini mechi ya kirafiki haihitaji kombe. Basi laweza kutoka kisiwani, likapita Nairobi na Malaba hadi Mbale. Gharama kubwa ni malazi, na mabweni huwa matupu wakati wa likizo.